Pampu ya maji inapovuja katika gari kuukuu la mbio: Dalili, sababu na matengenezo

DEREVA anayetoka Manyoni kwenda Tabora akiwa na gari kuukuu la mbio hana budi kujiuliza swali lile lile ambalo viongozi wa misafara ya karne ya 19 walijiuliza kabla ya kuingia pori hilo: je, maji yaliyopo yatafika upande wa pili? Wapagazi walibeba maji yao katika vibuyu na viriba. Gari huyabeba ndani ya rejeta, mipira na mifereji ya injini, na kifaa kinachoyazungusha ni pampu ndogo iliyofungwa mbele ya injini. Pampu hiyo ikianza kuvuja, safari nzima huwa mashakani.

Sehemu hiyo ya njia ya kati, iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, ilijulikana kwa jina la Mgunda Mkali. Misafara ilitembea siku kadhaa katika pori hilo kabla ya kufika Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi kwa wale waliotoka pwani. Richard Burton na John Speke walipita huko mwaka 1857 na kufika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 7 mwaka huo. Visima na madimbwi ndivyo vilivyoamua msafara ulale wapi na uondoke saa ngapi.

Leo barabara ya Manyoni, Itigi, Chaya, Nyahua hadi Tabora, yenye urefu wa takriban kilometa 260, ina lami yote. Kipande cha mwisho kilikamilika mwanzoni mwa muongo wa 2020. Lami imepunguza vumbi na saa za safari, lakini haikuyaondoa mapori ya miombo wala jua. Vijiji bado viko mbalimbali, na gari linalopoteza maji katikati ya vipande hivyo linaweza kuharibika injini kabla halijafika penye fundi.

Makala haya yanaeleza jinsi pampu ya maji inavyofanya kazi, kwa nini huvuja, dalili za kuitambua, la kufanya njiani, na hatua za kuibadilisha. Mfano unaotumika zaidi ni Datsun 240Z, gari la mbio linalofahamika kuliko mengi katika historia ya Afrika Mashariki.

Gari lililoshinda Safari

Datsun 240Z ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969 na ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1973. Ina injini aina ya L24, yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimeta za ujazo 2,393. Bloku ya injini hiyo ni ya chuma cha kusubu, na silinda hedi yake ni ya aluminiamu.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki wakiendesha gari hilo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na msoma ramani wake Lofty Drews, alishinda tena kwa 240Z baada ya kufungana kwa pointi na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953, na njia zake za awali zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na katika baadhi ya miaka yameingia Tanzania. Kwa sababu hiyo magari ya aina hii bado yanatengenezwa, yanafungwa upya na kuendeshwa katika barabara za ukanda huu. Hata hivyo, umri wake sasa umepita miaka 50, na mfumo wa maji ndio unaoonyesha uzee huo mapema.

Pampu inavyofanya kazi

Pampu ya maji ni kifaa chepesi kukielewa. Mkanda wa feni, unaozungushwa na puli ya kombo la injini, huzungusha puli ya pampu. Puli hiyo imefungwa kwenye mhimili wa chuma unaopita ndani ya beringi. Upande wa ndani wa mhimili kuna gurudumu dogo lenye mapanga ambalo huyasukuma maji kuingia katika bloku. Maji hupita kando ya silinda, hupanda kwenye silinda hedi, hutoka kwa mpira wa juu, hupoa katika rejeta na kurudi kwenye pampu kwa mpira wa chini.

Kati ya beringi na maji kuna sili. Sili hii ina sehemu mbili zinazosuguana zikiwa zimebanwa na springi: moja huzunguka na mhimili, nyingine imetulia. Ndiyo mlango pekee unaozuia maji yasifike kwenye beringi. Watengenezaji walijua kwamba siku moja mlango huo utachoka, hivyo wakaacha kitundu kidogo chini ya mwili wa pampu, kati ya sili na beringi. Sili ikichoka, maji hutokea hapo na kudondoka nje badala ya kuingia kwenye beringi na kuosha grisi yake.

Kwa hiyo kitundu hicho si kasoro, na hakipaswi kuzibwa kamwe. Wapo wanaoona maji yakitoka hapo wakakiziba kwa gundi au skrubu. Matokeo yake ni kwamba maji huingia kwenye beringi, beringi hukwama au huvunjika, na feni iliyofungwa kwenye mhimili huo huo huweza kuegemea mbele na kuchana rejeta. Hapo tatizo la sili moja huwa limegeuka kuwa tatizo la pampu, feni na rejeta kwa pamoja.

Kwa nini pampu huvuja

Sababu ya kwanza ni uchafu wa maji yenyewe. Maji ya visima vingi yana chumvi na madini yanayoganda yanapopashwa moto. Chembe hizo, pamoja na kutu ya bloku, hupita kwenye uso wa sili na kuukwaruza kama msasa.

Sababu ya pili ni gari kukaa muda mrefu bila kuwashwa. Magari mengi ya zamani hutoka nje mara chache kwa mwaka. Sili iliyokaa miezi bila kuzunguka hukauka na kugandamana, na siku injini inapowashwa uso wake hung'oka vipande vidogo. Ndiyo maana gari lililohifadhiwa vizuri chini ya turubai huweza kuanza kuvuja siku ya kwanza ya safari.

Sababu ya tatu ni mkanda uliokazwa kupita kiasi. Mkanda wa namna hiyo huivuta beringi upande mmoja siku zote. Beringi ikilegea, mhimili huyumba, na mhimili unaoyumba hauwezi kukaa sawa na sili. Feni yenye panga lililopinda au kuvunjika huleta madhara yale yale kwa sababu ya mtikisiko.

Sababu ya nne ni kuliwa kwa aluminiamu. Katika injini za familia ya L, pampu hufungwa juu ya mfuniko wa mbele wa aluminiamu, nao mfuniko huo umeshikana na bloku ya chuma. Metali hizo mbili zikikutanishwa na maji yasiyo na dawa ya kuzuia kutu, aluminiamu ndiyo huliwa kwanza. Mashimo madogo hutokea pale gasketi inapokaa, na hapo hata pampu mpya haiwezi kuziba vizuri.

Dalili za kutazama

Dalili ya kawaida ni dimbwi dogo chini ya sehemu ya mbele ya injini baada ya gari kulala. Baadhi ya pampu huvuja injini ikiwa baridi tu na kuacha ikipata moto, kwa kuwa metali hutanuka na kuziba mwanya. Dereva anayekagua gari baada ya safari peke yake anaweza asione kitu. Inafaa kutazama pia asubuhi kabla ya kuliwasha.

Dalili ya pili ni alama za ukoko mweupe, wa kijani au wa rangi ya kutu chini ya kitundu cha pampu. Maji huweza kukauka kwa joto kabla hayajadondoka, lakini madini na rangi yake hubaki. Harufu tamu kidogo baada ya kuzima gari nayo huashiria kwamba dawa ya rejeta inaungua mahali fulani.

Dalili ya tatu ni sauti. Beringi inayokufa hulia kwa mkwaruzo unaobadilika kadiri injini inavyoongezwa kasi. Ili kuhakikisha, injini izimwe na ipoe, mkanda ulegezwe na kuondolewa, kisha feni ishikwe kwa mikono miwili na kutikiswa mbele na nyuma, juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha. Ikizungushwa kwa mkono na kukwaruza, jibu ni hilo hilo.

Hata hivyo, si kila maji yanayoonekana kwenye pampu yametoka kwenye pampu. Mpira wa juu, klipu iliyolegea au gasketi ya nyumba ya themostati huweza kuvuja kwa juu na maji yakateremka hadi kwenye pampu. Feni nayo huyarusha maji nyuma, hivyo chanzo mara nyingi kiko mbele au juu ya pale palipolowa. Njia ya uhakika ni kusafisha eneo lote, kulikausha, kisha kutumia kipimo cha mkono kinachofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta na kutia shinikizo injini ikiwa baridi. Shinikizo lisizidi lile lililoandikwa kwenye kifuniko. Likiachwa kwa dakika 15, sehemu inayovuja hujionyesha yenyewe.

Ukaguzi wa mwisho ni wa oili. Kwa kuwa maji hupita ndani ya mfuniko wa mbele wa injini hizi, mfuniko uliotoboka kwa kutu huweza kuyaingiza kwenye oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni onyo kubwa. Injini ya namna hiyo isiwashwe tena mpaka chanzo kijulikane, kwani oili iliyochanganyika na maji hailindi tena beringi za kombo.

Mwinuko wa Tabora na joto la kuchemka

Jambo moja husahauliwa na wengi wanaotoka pwani. Mji wa Tabora uko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji yanayochemka kwa nyuzi joto 100 Bagamoyo huchemka kwa takriban nyuzi 96 Tabora, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo zaidi.

Mfumo wa maji wa gari hukwepa tatizo hilo kwa kufungwa. Kifuniko cha rejeta chenye shinikizo la 0.9 bar hupandisha joto la kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110, hata Tabora. Dawa ya rejeta huliongeza tena kidogo. Hapo ndipo ubaya halisi wa pampu inayovuja ulipo: hata kabla maji hayajapungua sana, uvujaji unaweza kushusha shinikizo, na shinikizo likishuka maji huanza kuchemka mapema. Mvuke hukaa palipokuwa na maji, na mvuke haupoozi chuma.

Silinda hedi ya aluminiamu iliyofungwa juu ya bloku ya chuma haivumilii hali hiyo. Aluminiamu hutanuka zaidi ya chuma. Ikipashwa moto kupita kiasi hupinda, gasketi yake huungua, na hedi hulazimika kung'olewa na kusawazishwa kwa mashine. Pampu ni kifaa kinachobadilishwa kwa nusu siku. Hedi iliyopinda huweza kulilaza gari kwa miezi, hasa pale spea zinapopatikana mbali.

Uvujaji ukitokea njiani

Mshale wa joto ukianza kupanda, hatua ya kwanza ni kupunguza kasi na kufungua kipasha joto cha ndani ya gari hadi mwisho, pamoja na feni yake. Abiria hawatafurahi katika jua la Itigi, lakini kifaa hicho ni rejeta ya pili na huondoa sehemu ya joto la injini. Mshale ukiendelea kupanda, gari lisimamishwe kivulini na injini izimwe. Vivyo hivyo mshale ukishuka ghafla huku injini ikinuka joto: huenda maji yamekwisha na kipimo kinapima hewa.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto. Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo shinikizo linapoondoka, na watu wengi wameungua uso na mikono kwa haraka ya dakika chache. Inafaa kusubiri mpaka mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi. Kisha kifuniko kifunikwe kwa kitambaa kinene na kuzungushwa hadi kituo cha kwanza tu, mvuke utoke, ndipo kiondolewe.

Maji ya baridi yasimiminwe kwa mkupuo ndani ya injini yenye moto, kwani hedi inaweza kupasuka. Yaongezwe kidogo kidogo injini ikiwa imepoa, kisha iwashwe na kuachwa ingurume taratibu huku maji yakijazwa hadi yatulie.

Madereva wa zamani hulegeza kifuniko hadi kituo cha kwanza ili shinikizo lisipande na uvujaji upungue. Mbinu hiyo hufanya kazi, lakini ina gharama yake: maji sasa yatachemka kwa nyuzi 96. Kwa hiyo itumike kwa mwendo mdogo tu, kwa kusimama mara kwa mara kuongeza maji, na kwa safari fupi ya kufika kijiji kinachofuata.

Wapo wanaotia yai bichi, unga wa pilipili au dawa za unga za kuziba matundu. Vitu hivyo huweza kuziba tundu dogo la rejeta, lakini haviwezi kuponya sili inayozunguka mara maelfu kwa dakika. Kinachozibwa mara nyingi ni mirija myembamba ya rejeta na ya kipasha joto. Pampu huendelea kuvuja, na rejeta nayo huwa imeharibiwa.

Iwapo beringi inalia kwa nguvu au feni inayumba, gari lisiendeshwe kabisa hata kama maji yapo. Livutwe au lipakiwe.

Kuifungua pampu

Kazi ianze injini ikiwa baridi na waya hasi wa betri umetolewa. Maji yote yamwagwe kwenye chombo kwa kufungua koki ya chini ya rejeta na boliti ya bloku. Kisha utolewe mfuniko wa feni kama upo, altaneta ilegezwe, mkanda uondolewe, na feni pamoja na puli vifunguliwe.

Boliti za pampu hazina urefu mmoja. Njia rahisi ya kutozichanganya ni kuchora umbo la pampu kwenye kipande cha boksi na kuchomeka kila boliti mahali pake. Boliti ndefu ikiingizwa katika tundu fupi huweza kupasua aluminiamu; fupi ikiwekwa pa ndefu hung'oa nyuzi.

Hatari kubwa zaidi ni boliti zilizoshikwa na kutu. Boliti ya chuma iliyokaa miaka 50 ndani ya aluminiamu hukatika kwa urahisi. Inafaa kuzipulizia mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, na siku ya kazi kuzigonga kichwani polepole kwa nyundo ndogo. Spana isukumwe nyuma kidogo na mbele kidogo, si kwa nguvu moja. Boliti ikigoma, joto la taratibu kwenye aluminiamu inayoizunguka husaidia. Ikikatika, kazi ya kutoboa na kutia nyuzi mpya ipewe fundi wa mashine mwenye uzoefu.

Pampu yenyewe ing'olewe kwa kugongwa na nyundo ya mbao. Bisibisi isiingizwe kati ya pampu na mfuniko, kwa kuwa mkwaruzo mmoja kwenye uso wa gasketi ni njia mpya ya maji. Mabaki ya gasketi yakwanguliwe kwa kipande cha plastiki au mbao ngumu.

Kuchagua pampu mpya

Pampu za injini za familia ya L hutazamana kama mapacha, lakini hazifanani zote. Urefu wa mhimili na kitako cha feni hutofautiana kati ya gari na gari. Injini kubwa ya familia hiyo, L28, ilitumika pia katika baadhi ya Nissan Patrol, hivyo muuzaji anaweza kutoa pampu inayoingia kwenye matundu yote lakini ikaiweka feni karibu mno na rejeta. Pampu ya zamani na mpya ziwekwe ubavu kwa ubavu na kupimwa kabla ya kulipia.

Kwa aliyeko Tabora, spea ya namna hii mara nyingi hutafutwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 800, au kuagizwa nje ya nchi. Kwa sababu hiyo pampu ya zamani isitupwe. Mwili wake ukiwa mzima, fundi mwenye mashine ya kukandamiza anaweza kuutoa mhimili, kuweka beringi na sili mpya za vipimo sahihi, na kuirudisha kazini. Kwa magari ambayo pampu zake hazitengenezwi tena, hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki.

Kuifunga

Nyuso zote mbili ziwe safi na kavu. Gasketi mpya ipakwe gundi ya kuzibia kwa utando mwembamba tu. Gundi nyingi hujikusanya ndani, humeguka na kwenda kuziba mirija ya rejeta. Boliti zote zianze kwa mkono, kisha zikazwe kwa kupishana pande, kwa awamu mbili au tatu, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Aluminiamu haisamehi mkono mzito.

Mkanda ukazwe kiasi kwamba ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ya puli mbili unashuka takriban sentimeta 1. Mipira ya juu na ya chini, klipu na kifuniko cha rejeta vikaguliwe siku hiyo hiyo. Kuweka pampu mpya na kuacha mpira uliopasuka ni kuhamisha tatizo tu.

Themostati isitupwe

Katika nchi zenye joto imezoeleka kuing'oa themostati na kuitupa kwa imani kwamba injini itapoa zaidi. Desturi hiyo ina madhara. Injini isiyo na themostati huchelewa kufikia joto lake la kazi; petroli isiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili, na kuta za silinda hulika mapema.

Kuipima ni rahisi. Themostati itumbukizwe katika sufuria ya maji juu ya jiko, pamoja na kipimajoto. Ile ya nyuzi 82 inapaswa kuanza kufunguka karibu na joto hilo na kuwa wazi kabisa kabla maji hayajachemka. Isiyofunguka ibadilishwe.

Maji gani yatumike

Baridi ya kugandisha maji haipo Tabora, hivyo wengi huona dawa ya rejeta haina kazi. Kumbe kazi yake kubwa huku ni kuzuia kutu na kulinda sili. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa dawa hiyo na maji safi unafaa kwa injini nyingi za zamani, mradi dawa iwe ya aina inayokubaliana na aluminiamu. Rangi peke yake isitumike kuchagua, kwa kuwa watengenezaji hutumia rangi zile zile kwa dawa tofauti.

Maji bora ni yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Muuzaji aulizwe vizuri, maana tindikali ya betri nayo huuzwa katika chupa zinazofanana. Yasipopatikana, maji safi ya mvua yaliyochujwa ni afadhali kuliko ya kisima chenye chumvi. Msimu wa mvua wa Tabora huanza kwa kawaida Novemba na kuishia Aprili. Madumu machache yaliyokingwa wakati huo hutosha mwaka mzima.

Wakati wa kujaza, gari lisimame pua ikiwa juu ya mwinuko na kipasha joto kiwe wazi ili hewa itoke. Injini iwashwe mpaka mpira wa juu upate moto, ishara kwamba themostati imefunguka, kisha maji yaongezwe. Baada ya kupoa yatazamwe tena, na mara nyingine baada ya kilometa 100. Pampu mpya inaweza kutoa matone machache wakati sili yake inajilaza. Ikiendelea kudondoka, irudishwe. Mchanganyiko wote ubadilishwe kila baada ya miaka 2.

Onyo moja lisipuuzwe. Dawa nyingi za rejeta zina glaikoli, ambayo ni tamu kwa ulimi lakini ni sumu. Kiasi kidogo huweza kumuua mbwa au kuharibu figo za mtoto. Maji yaliyomwagwa yasiachwe wazi gereji wala kumwagwa mtaroni, na chupa za soda zisitumike kuyahifadhia.

Kabla ya kuondoka

Mwenye gari kuukuu anayekusudia kuvuka pori kati ya Manyoni na Tabora anapaswa kukagua mambo matano asubuhi ya safari: kiwango cha maji, kitundu cha pampu, mchezo wa feni, hali ya mkanda na mipira, na rangi ya oili. Ndani ya gari kuwe na lita 10 za maji safi kwa ajili ya injini, mbali na ya kunywa, pamoja na mkanda wa akiba, klipu, spana na kitambaa kinene.

Misafara iliyovuka Mgunda Mkali ilijaza vibuyu kabla ya kuliacha kisima cha mwisho, si baada ya kiu kuanza. Dereva wa leo anayeona tone moja chini ya pampu akiwa bado Manyoni ana nafasi ile ile. Akiisubiri Nyahua ndipo afungue boneti, huenda akawa na rejeta tupu, hedi iliyopinda, na kilometa 85 mbele yake.